Gofu ya kisahani: mchezo unaochezwa katikati ya miti

Katika matoleo mengi ukurasa huu umekuwa ukieleza majiko banifu, vitalu vya miche na ufugaji wa nyuki. Safari hii nimeomba nafasi nieleze mchezo. Tafadhali usiharakishe kufungua ukurasa unaofuata. Mchezo wenyewe huchezwa msituni, hupoteza ladha yake miti ikikatwa, na unagusa swali ambalo vikundi vyetu vya Kibimba vimekuwa vikijiuliza tangu miche ya mwanzo iliposhika: miti hii inatufaa nini katika ile miaka mingi ya kusubiri kabla haijafikia kukatwa?

Mkulima wa maharage husubiri miezi mitatu. Aliyepanda mikaratusi husubiri miaka kadhaa apate nguzo, na aliyepanda misindano husubiri zaidi ya hapo. Katika kusubiri huko ndipo mbuzi wanapoingia, moto unapoingia, na jirani mwenye panga anapoingia. Vijana, ambao ndio walinzi tunaowategemea, hawana sababu ya kukanyaga shamba la miti mpaka siku ya kupalilia. Naandika haya nikiwa mmoja wa watu waliohimiza upandaji, kwa hiyo lawama ni yangu pia.

NILIVYOUKUTA

Mwezi Oktoba 2023 nilikuwa mgeni wa marafiki wa kazi yetu katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Jumamosi moja mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu aliyevuka miaka sabini, aliniambia kwamba tutakwenda kucheza gofu. Nilimjibu kuwa gofu nimeiona kwenye televisheni tu, na kwamba viatu nilivyokuja navyo ni vya ofisini. Akacheka, akachukua begi la begani lililojaa visahani vya plastiki vya rangi mbalimbali. Kusema kweli nilidhani ni sahani za chakula cha mchana.

Tulikwenda Tyler State Park, karibu na mji mdogo wa Newtown, kaskazini mwa Philadelphia. Hakuna aliyetuuliza kiingilio. Tuliacha gari, tukaingia chini ya miti mirefu ambayo majani yake yalikuwa yameanza kugeuka rangi na kupukutika, na kwa muda wa saa tatu hivi tulitembea, tukatupa visahani, tukavitafuta, tukatupa tena. Njiani tulipishana na mama mmoja na mtoto wake wa shule, vijana wawili waliochora mikono yao, na mzee aliyetembelea fimbo. Wote walibeba visahani. Hakuna aliyebeba panga wala shoka. Kwa mtu aliyekulia Ngara, kuona watu wengi namna ile wakitoka msituni bila mzigo wa kuni kichwani ni jambo la kushangaza kuliko mchezo wenyewe.

CHANZO CHAKE

Kutupa kitu cha duara kikaelea hewani ni mchezo wa watoto wa kila mahali. Huko Kanada, katika kijiji cha Bladworth, watoto wa shule walikuwa wakicheza mwaka 1926 kwa kutupa mifuniko ya makopo kulenga miduara waliyochora mchangani, nao waliuita mchezo huo gofu. Nchini Marekani watu walitupa visahani vya bati vya kuokea, vikiwemo vya kampuni ya Frisbie iliyokuwa Bridgeport, jimbo la Connecticut, na ndiko lilikotoka jina la Frisbee linalojulikana hadi leo. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ilianza kuuza kisahani cha plastiki kilichobuniwa na Walter Frederick Morrison.

Aliyeugeuza kuwa mchezo wenye viwanja na sheria ni Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyohiyo. Mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California. Mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo tu, na wachezaji walibishana kila mara kama kisahani kimegusa au hakikugusa. Ili kumaliza ubishi huo alibuni kikapu chenye minyororo, ambacho nitakieleza hapa chini. Mwaka 1976 alianzisha chama cha wachezaji kinachoitwa PDGA, ambacho hadi leo ndicho kinachotunga sheria. Alifariki mwaka 2002, na kwa matakwa yake majivu ya mwili wake yalichanganywa kwenye plastiki vikatengenezwa visahani. Wazee wetu wangeshika vichwa. Nami nilishika changu.

Leo viwanja vimepita 15,000 duniani, vingi vikiwa Marekani. Finland, nchi iliyojaa misitu, imeupenda mno. Kenya na Uganda tayari wako wanaoucheza. Huku kwetu bado ni mgeni.

UNAVYOCHEZWA

Uwanja wa kawaida una vituo 18, ingawa viko vya vituo 9. Kila kituo kina sehemu ya kuanzia, mara nyingi ni sakafu ndogo ya zege, na mbele yake, kwa umbali wa mita 60 hadi 150 au zaidi, kuna kikapu. Mchezaji hutupa kisahani chake, hukifuata kilipoangukia, husimama hapo na kutupa tena, hadi kitakapoingia kikapuni. Anahesabu mitupo yake. Mwenye mitupo michache kuliko wote baada ya vituo vyote ndiye mshindi. Kwa vituo vingi mitupo 3 huhesabiwa kuwa kazi nzuri. Mimi kituo cha kwanza nilitumia 9.

Kikapu kimesimama juu ya nguzo ya chuma, kimo chake kinafika kiunoni hivi. Juu yake kuna duara la chuma ambalo minyororo mingi inaning'inia kutoka humo hadi karibu na kikapu. Kisahani kikigonga minyororo hupoteza kasi na kudondoka ndani. Mlio wake unasikika mbali msituni, na hata usipomwona mchezaji unajua kwamba huko nyuma ya miti mtu amemaliza.

Hakuna refa. Kila mchezaji hujihesabia mwenyewe na wenzake husikiliza. Ambaye kisahani chake kiko mbali zaidi na kikapu ndiye hutupa kwanza, wengine hunyamaza na kusimama nyuma yake. Kisahani kikipotea mnakitafuta kwa dakika tatu. Zikiisha, unaongezewa mtupo mmoja wa adhabu na mchezo unaendelea. Utaratibu huu wa kujihesabia mwenyewe ndani ya kichaka, mahali ambapo hakuna anayekuona, nimeufikiria sana tangu siku ile. Mwenyeji wangu alijihesabia 5 katika kituo ambacho mimi ningeapa kwamba alitupa mara 4.

KWA NINI KISAHANI HUKATA KONA

Kisahani cha mchezo huu ni kidogo na kizito kuliko kile cha watoto cha ufukweni. Upana wake ni kama sentimeta 21, na vingi vina uzito wa gramu 150 hadi 180. Viko vyenye ukingo mwembamba kama sahani ya kisasa, hivyo huenda mbali. Viko vyenye ukingo mnene na butu, hivyo huenda polepole na kwa kunyooka, na hutumika karibu na kikapu. Kati ya hivyo viwili viko vya katikati.

Kinachokifanya kielee ni mambo mawili: umbo lake hukamata hewa kama bawa la ndege, na kuzunguka kwake hukifanya kisipinduke. Msomaji aliyewahi kukimbiza ringi la baiskeli kwa kijiti ameliona jambo hili tangu utotoni. Ringi likiwa na kasi husimama wima lenyewe bila kushikwa. Likipoteza kasi huanza kuyumba, kisha hulala upande. Kisahani nacho ni hivyohivyo. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayetupa kwa kuvuta mkono kutoka upande wa kushoto wa kifua, kisahani huzunguka kama mishale ya saa ukikitazama kutoka juu. Kikiwa bado na kasi huweza kuegemea kulia kidogo. Kasi inapopungua, karibu na mwisho wa safari, hulala na kuangukia kushoto. Ukitaka kumaliza kulia, unatupa kwa namna nyingine, mkono ukitokea upande wa kulia kama mtu anayerusha jiwe bapa juu ya maji, au unakiinamisha kisahani tangu mwanzo.

Kwenye uwanja wa wazi, tabia hii ya kukata kona ni kero ndogo tu. Msituni ndiyo mchezo wenyewe.

NDANI YA MITI

Uwanja wa msituni hauhitaji kukata msitu. Njia inapitishwa mahali ambapo miti yenyewe imeacha mwanya, na wabunifu wazuri huiacha iwe nyembamba na yenye kupinda ili mchezaji alazimike kuchagua. Huku mwanya wa kunyooka wenye upana wa mita tatu. Kule mzunguko mpana unaopita juu ya kijito. Wakati mwingine mti mmoja hutiwa alama ya mshale, maana yake lazima kisahani kipite upande huo wa mti. Mti ndio mpinzani wako. Hauchoki, haukasiriki, na wala haumpendelei mwenye nguvu.

Hapo ndipo nilipofundishwa adabu. Nina mikono ya mtu aliyelima, na nilidhani nguvu zitanisaidia. Mtupo wangu wa kwanza ulipiga shina lililokuwa mita sita mbele yangu, kisahani kikarudi na kuanguka nyuma ya mahali nilipokuwa nimesimama. Wa pili ulipiga mti wa jirani yake. Mwenyeji wangu, ambaye bega lake moja ni bovu, alitupa mita arobaini tu, polepole, akafika penye uwazi; akatupa tena arobaini, akafika karibu na kikapu; akamaliza. Alinieleza kwamba wageni wote hutazama kikapu, kisha huona miti na kuiogopa au kuikasirikia. Anayefahamu hutazama mwanya. Anakichagua kisahani cha kunyooka badala ya kile cha kwenda mbali, anatupa nusu ya nguvu zake, na anajiuliza mtupo unaofuata atautupa akiwa amesimama wapi.

Liko jambo lingine ambalo wasomaji wetu wa vikundi vya mazingira watalipenda. Kisahani kikiangukia nyuma ya kichaka, sheria haikuruhusu kuvunja tawi, kulifunga pembeni wala kukanyaga mche ili upate nafasi ya kuzungusha mkono. Unatakiwa usimame kwa namna inayosumbua mimea kidogo iwezekanavyo, na utupe hivyo hivyo, hata kwa kupiga magoti. Anayeharibu sehemu ya uwanja makusudi huongezewa mitupo ya adhabu. Nilimwona kijana mmoja, mrefu kama mlingoti, amepiga magoti kwenye majani mabichi na kupitisha kisahani chini ya tawi ambalo angeweza kulivunja kwa mkono mmoja. Alikosa kikapu na kulaani kidogo, ila tawi lilibaki.

Tahadhari nayo ipo. Misitu ya Pennsylvania ina kupe wadogo wanaoambukiza ugonjwa unaoitwa Lyme, na jimbo hilo ni miongoni mwa yale yenye wagonjwa wengi wa maradhi hayo Marekani. Tulipotoka tulijikagua miguu, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya nguo. Watu wetu wanaochunga ng'ombe wanajua kazi hiyo bila kufundishwa.

HIFADHI YA JIMBO NI NINI

Huenda msomaji anajiuliza, hifadhi gani hiyo ambayo watu wanaingia na kutupa visahani? Kwetu neno hifadhi linaleta picha ya askari wa wanyamapori na kibali. Sisi wa Ngara na Biharamulo tumepakana kwa miaka mingi na mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Humo kuna wanyama wakubwa na watalii hulipa kiingilio. Utaratibu huo una sababu zake, na sisemi kwamba mtu akacheze mchezo mahali penye nyati.

Hifadhi za majimbo ya Marekani ni kitu cha katikati. Ziko chini ya serikali ya jimbo, si ya taifa, na zimekusudiwa mwananchi wa karibu aende kutembea, kuvua samaki, kupanda mtumbwi au kupumzika. Pennsylvania ina zaidi ya 120, na haitozi kiingilio. Mwaka 1955 kiongozi aliyesimamia misitu na maji ya jimbo hilo, Maurice Goddard, aliweka lengo kwamba kila mkazi awe na hifadhi isiyozidi maili 25 kutoka kwake, yaani kama kilometa 40. Tyler yenyewe ilikuwa mashamba ya familia ya Tyler kabla ya jimbo kuyachukua. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1974, na hadi leo sehemu ya ardhi yake inalimwa. Mto Neshaminy unapita katikati yake.

Lakini jambo lililonikaa moyoni ni historia iliyotangulia. Jina Pennsylvania maana yake ni misitu ya Penn, kwa jina la familia ya William Penn, Mwingereza aliyepewa ardhi hiyo mwaka 1681. Katika karne ya 19 misitu hiyo ilikatwa karibu yote. Mbao zilijenga miji, magome yalitumika kulainisha ngozi, na reli ziliingia hadi mabonde ya mwisho. Baada ya miti ukaja moto, ambao uliteketeza matawi makavu yaliyoachwa, na baada ya moto yakaja mafuriko. Sehemu kubwa ya kaskazini ya jimbo ilibaki vilima vitupu, hata watu wakaiita jangwa la Pennsylvania. Daktari mmoja, Joseph Rothrock, alizunguka na picha akiwahubiria watu kuhusu miti, na mwishoni mwa miaka ya 1890 jimbo likaanza kununua ardhi hiyo iliyotupwa. Katika miaka ya 1930 vijana wasio na ajira waliwekwa kwenye kambi wakapanda miti na kujenga njia. Leo misitu inafunika zaidi ya nusu ya jimbo.

Nilipoelezwa hayo nikiwa nimekaa kwenye gogo na kisahani mkononi, nilinyamaza. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Walikuwa wanakimbia mauaji, walihitaji kupika na kujihifadhi, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuwanyima kuni. Wenyeji nao walikata, wengine kwa kuuza. Wanaokumbuka vilima vyetu kabla ya mwaka ule na baada yake hawahitaji kuonyeshwa picha za jangwa la Pennsylvania. Miti mingi iliyopo Kibimba leo ina umri mdogo kuliko kumbukumbu hiyo.

MADHARA YAKE

Nisifanye mchezo huu malaika. Miguu ya watu mamia kwa wiki hushindilia udongo, nyasi hufa, na mvua ikinyesha kwenye mteremko njia hugeuka korongo. Nilionyeshwa mizizi iliyobaki wazi kama mishipa ya mkono wa mzee, na magome yenye makovu ya kupigwa na visahani, hasa miti iliyo karibu na sehemu ya kuanzia. Wanaotunza viwanja hutandaza vipande vya mbao njiani, huhamisha vikapu mara kwa mara ili kipande kimoja kipumzike, na huweka nguzo mbele ya miti michanga zipokee mapigo. Palipo na mteremko mkali huweka ngazi za magogo. Yote hayo ni kazi ya mikono, na hufanywa zaidi na wachezaji wenyewe kwa kujitolea. Uwanja usiokuwa na watu wa kuutunza huharibu msitu polepole, na ni heri usiwekwe.

TULIPOJARIBU KIBIMBA

Mwenyeji wangu alinipa visahani sita vilivyotumika. Juni 2024, mvua zilipokwisha, mimi na vijana wa kikundi kimoja cha Kibimba tulipima vituo 9 katika shamba la miti la kikundi hicho. Ni mikaratusi yenye migrevilea pembezoni, imepandwa kwa safu zilizonyooka. Hapo tuligundua jambo ambalo Tyler halipo: ukitupa kufuata safu, njia ni nyeupe kama barabara na mtoto anaweza, ukitupa kwa kukata safu, miti inajipanga kama askari wa gwaride na mtu mzima analia. Kwa hiyo vituo vyote tuliviweka kwa mshazari.

Vikapu vya kiwandani hugharimu mamia ya dola kimoja, hilo tulilisahau mara moja. Kijana mmoja fundi baiskeli alichimbia nguzo, akafunga tenga kwenye kimo cha kiuno, na juu yake akafunga ringi kuukuu ambalo alilining'inizia minyororo ya baiskeli iliyokwisha. Inafanya kazi. Inachafua mikono kwa grisi, na mlio wake si mzuri kama ule niliousikia kule, ila kisahani kinadondoka ndani ya tenga.

Visahani sita havitoshi vijana ishirini. Tulijaribu mifuniko ya ndoo za lita 20. Ni mepesi mno, hupepesuka na kupinduka kwenye upepo mdogo. Baadaye mmoja wao alifunga ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli kuzunguka ukingo wote na kuushona kwa waya, na mfuniko ukatulia. Alichofanya, bila kuambiwa na mtu, ni kupeleka uzito pembeni ili mzunguko ushike, na hiyo ndiyo siri ya visahani vya kiwandani.

Hatukukosa matatizo. Siku ya pili nilitupa bila kuangalia vizuri, na kisahani changu kikagonga mzigo wa kuni alioubeba mama mmoja aliyekuwa anakatiza. Hakuumia. Nilikimbia, nikamwamkia na kumwomba radhi. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama kule uwanja wa mpira pamejaa. Alikuwa na haki. Akina mama huokota matawi makavu na magome humo kwa ruhusa ya kikundi, na njia yao ni ya zamani kuliko mchezo wetu. Kisahani cha gramu 175 kikimpata mtu kichwani si mzaha. Tulihamisha vituo viwili vilivyokatiza njia hiyo, na tukaweka sheria kwamba mmoja husimama mbele na hakuna kutupa mpaka ainue mkono.

Wazee wa kikundi wamegawanyika. Wako wanaosema vijana watakanyaga machipukizi na kuvunja migrevilea michanga, na kwamba shamba la miti si bustani ya wazungu. Wako walioona kwamba tangu vijana waanze kwenda humo Jumapili alasiri, mbuzi hugunduliwa mapema, na kwamba njia ya kuzuia moto upande wa bondeni imefyekwa kabla ya kiangazi kuisha, kwa sababu ndiyo njia ya kituo cha 6.

Suala zito hata hivyo ni uvunaji. Mikaratusi imefikia nguzo, na fedha ya nguzo ina majina tayari: bima ya afya kwa kaya za wanakikundi, na sare na madaftari ya watoto wa wanachama waliofariki. Mpango wa awali ulikuwa kukata yote kwa mara moja, kuacha visiki vichipue, na kusubiri tena. Vijana wanaomba kupunguza tu: kukata safu moja na kuacha mbili, kisha kurudi baada ya miaka miwili. Mnunuzi akija mara moja na lori hulipa vizuri zaidi kuliko akija mara tatu. Hesabu hiyo naijua na nimewaeleza wazi. Wao wamejibu kwamba shamba likikatwa lote, miaka mitatu ijayo hakuna atakayekuwa na sababu ya kuingia humo, na kwamba visiki hulindwa na mtu anayepita hapo, halindi aliye nyumbani. Mimi naegemea upande wao, japo si mimi mwenye watoto wa kununuliwa sare kwenye orodha ile. Uamuzi ni wa kikundi.

Kwa vikundi vingine vinavyotaka kujaribu: anzeni na vituo vitatu, kwenye miti iliyozidi unene wa paja. Epukeni mteremko, njia za maji na makaburi. Msitumie mti kuwa shabaha, hata kama huko nyuma walitumia; gome la mgrevilea mchanga halivumilii. Ongeeni kwanza na akina mama wanaookota kuni.

Kisahani kimoja kati ya vile sita, cha rangi ya chungwa, kimenasa juu ya mkaratusi karibu na kituo cha 4. Tulirusha vijiti havikukifikia, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda wala kukata tawi. Aliyekitupa alihesabiwa mtupo mmoja wa adhabu, akaazima mfuniko wenye mpira na kuendelea. Bado kiko huko juu, na wanaoshuka kuchota maji asubuhi wanakiona.